Hatua Mbili Mbele ya Ukuta

Gotsu, 3 Juni 2007

Mpwa wangu Chihaya,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni mimi na bibi yako tu. Sisi hatujambo. Mvua za Juni zimeanza na kazi ya paa imesimama siku ya nne leo, maana hakuna anayepanda kupanga vigae vilivyolowa ila anayetaka kuvunjika kiuno. Kwa hiyo nashinda ndani nikimkera mama. Meno yake mapya yanambana lakini hayajamzuia kusema. Jana kaniuliza, "Chihaya anakula huko?" Nikamwambia anakula. Akasema, "Umemwona akila?" Basi nijibie wewe.

Siandiki kwa kupenda kuandika. Simu iko kando ya kitanda cha mama, na kila kinachopita sikioni mwake hufika kwa Bi. Katsue jirani kabla chai haijapoa. Na Bi. Katsue unamjua.

Jambo lenyewe ni hili. Barua ya Ngome, yale mashindano ya vizuizi ya televisheni, imefika. Wameniita tena, mara ya kumi na nne. Kurekodi ni tarehe tisa Septemba. Chini kabisa wameandika, kwa adabu nyingi mno, kwamba kuanzia mwakani watapendelea "sura mpya". Mimi nina miaka arobaini na sita na sura yangu umeizoea. Hii ndiyo ya mwisho.

Unajua ninachokitaka. Ubingwa niliacha kuuota zamani. Nataka kuupita Ukingo, basi. Mara tatu nimefika pale, nimening'inia kwa ncha za vidole kwenye ule ubao mwembamba, nimesogea mpaka mwisho wake, nikajirusha kuufuata ubao wa pili. Na mara tatu nimeogeshwa maji ya tope mbele ya Japani nzima. Watu wa mtaa wakiniona sokoni bado huniuliza kama nimeleta taulo.

Nasikia mwaka huu wameipanua ile nafasi kati ya mbao mbili. Sikuulizi. Najua kazi yako mpya ni kuvijaribu vizuizi kabla yetu, na najua umetia sahihi karatasi ya kunyamaza. Nasema tu kwamba nimesikia.

Mama ametia plamu chumvi, mitungi miwili. Mmoja ni wako.

Mjomba wako,
Mitsugu


Chiba, 21 Juni 2007

Mjomba, shikamoo,

Nimefurahi mno kupata barua yako, na plamu nitazifuata mwenyewe Mungu akipenda. Mwambie Bibi nakula. Jana nilikula mara tatu, na mara moja ilikuwa wali wa maana. Mwambie pia kwamba chumba changu kina dirisha, maana najua ndilo litakalofuata kuulizwa.

Kazi si mbaya. Tuko sita. Asubuhi na mapema tunapanda, tunaruka, tunaanguka, na msimamizi anaandika tumeangukia wapi. Yeye haandiki tukifaulu. Kiwiko changu cha kulia kimevimba kidogo, lakini hilo usimwambie Bibi.

Hongera kwa kuitwa. Nasema kutoka moyoni. Bega lako la kushoto vipi? Usifanye mazoezi uani wakati mbao zimelowa. Najua utafanya, lakini nimesema.

Kuhusu ulichosikia, watu husikia mengi. Mjomba, nakuomba kitu kimoja: usiniandikie habari za Ukingo. Mwaka juzi mmoja wetu alimnong'oneza kaka yake neno moja tu. Kaka alifutwa jina asubuhi ya mashindano, akiwa keshavaa namba kifuani, na mdogo mtu alifukuzwa saa hiyo hiyo. Waliondoka kwa basi moja bila kuzungumza. Nilihadithiwa na aliyekaa kiti cha nyuma yao.

Huku kuna joto na unyevu, shati halikauki. Msalimie Bibi, na Bi. Katsue ukipenda.

Ni mimi,
Chihaya


Gotsu, 8 Julai 2007

Mpwa wangu,

Tu wazima. Mama amepata fununu ya kiwiko chako, sijui kutoka wapi, na anataka kukutumia mafuta ya kuchua. Nimemwambia Chiba kuna maduka ya dawa. Amenuna tangu asubuhi.

Umeniomba nisiandike habari za Ukingo. Naandika habari za kinyozi.

Nilikwenda kunyolewa Jumanne nikakuta gazeti la vipindi vya televisheni. Ndani kuna picha ya Ngome mpya, ukuta mzima, na mfanyakazi mmoja amesimama chini ya Ukingo, kaipa kamera mgongo. Kofia ngumu, koti la kazi, miguu ya korongo. Nikamwambia kinyozi, "Huyu mpwa wangu." Akasema, "Acha utani, unamjuaje mtu kwa mgongo?" Nikamwambia mama yake alipofariki alikuwa na miaka saba, na kwa miaka yote iliyofuata nilitembea nyuma ya mgongo huo kila asubuhi mpaka lango la shule, kwa sababu alikataa kushikwa mkono. Kinyozi akanipa gazeti bure.

Sasa unajua mimi ni mtu wa rula. Nguzo ya jikoni bado ina alama zako zote. Ya juu kabisa nilikupima siku ulipoondoka: sentimita mia na hamsini na nane. Nikatoa kofia, nikakupima kwenye picha, nikaipima na ile nafasi kati ya mbao mbili, nikapiga hesabu mara nne. Kila mara inakuja ile ile, mia na sitini. Nimeng'oa mbao za zamani uani nikajenga upya kwa kipimo hicho, misumari mipya na mbao za mwerezi.

Sikuulizi kitu. Lakini siwezi kufundisha vidole vyangu kwa kubahatisha, si mwaka huu. Basi tufanye hivi. Kama nimepatia, usiniandikie mpaka Septemba. Ukinyamaza nitajua. Hakuna karatasi duniani inayomshtaki mtu kwa kunyamaza.

Vigae vya hekalu tumemaliza upande mmoja. Jua ni kali.

Mitsugu


Chiba, 29 Julai 2007

Mjomba,

Natumaini wewe na Bibi hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Umenitega, na umefanya makusudi. Wiki tatu nimeibeba barua yako mfukoni. Nikinyamaza nimesema. Nikiandika nimesema. Ulinilea wewe, ukanifundisha kuning'inia kwenye ile mbao kabla sijajua kuendesha baiskeli, halafu unaniweka mahali ambapo kila mlango ni uongo. Nimekukasirikia, na nataka ujue.

Namba sitakutajia. Sitakuambia lolote kuhusu ukuta. Nitakuambia habari yangu mwenyewe, ambayo sikuitilia sahihi popote: kwenye picha ile sikuwa nimeuegemea ukuta. Nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake, karibu na kamera, nikisubiri kuitwa.

Uliyempima ni mtu wa karibu, ukamtumia kupimia kitu cha mbali. Wewe ni fundi. Lililobaki unalijua.

Ichome barua hii.

Chihaya


Gotsu, 14 Agosti 2007

Mpwa wangu,

Salamu za siku za wafu. Jana tumeosha kaburi la mama yako, mama akamwagia maji mwenyewe ingawa magoti hayamtaki. Akamwambia dada yangu kwamba una dirisha chumbani. Tumeweka tikiti na mishumaa, na mbu wametula.

Barua yako imefika salama tarehe mosi. Ahsante.

Naruka mara thelathini kila siku baada ya kazi. Mara ishirini na tisa napita. Bega linalalamika lakini linafuata amri. Bi. Katsue amekuja kuchungulia uani, akasema, "Mitsugu, umekuwa nyani kweli sasa." Nikamwambia alete ndizi, na akaleta.

Usihangaike tena na mambo yangu. Angalia kiwiko chako.

Mitsugu


Chiba, 18 Septemba 2007

Mjomba, shikamoo,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza kwa Bibi. Anaendeleaje? Usimwambie kilichotokea. Wewe nawe umetia sahihi sasa, hakuna kusema kitu mpaka kipindi kirushwe tarehe thelathini Desemba. Hata kwa mama yako mzazi.

Nilikuwa pale. Nilipangwa upande wa maji, kazini, kwa hiyo sikuweza kukusalimia. Nilikuona ukipita vizuizi vya kwanza kana kwamba unatembea juu ya paa unalolijua. Nilikuona ukishika Ukingo. Vidole vilitulia, mgongo ulitulia, ulisogea mpaka mwisho bila kuharakisha, na nikasema moyoni, leo. Halafu ukajirusha.

Mjomba, ulijirusha vizuri kuliko watu wote wa siku ile. Lakini uliruka mia na sitini. Mwili wako wote uliruka mia na sitini, naijua miruko yako, nimekua nikiitazama. Vidole vilipita chini ya ubao, hata havikugusa.

Ulisema barua yangu imefika. Ulisema ahsante. Tafadhali nijibu kitu kimoja tu: ulibadilisha mbao uani, au hukubadilisha?

Mimi nimeacha kazi ile. Nauza mikate karibu na stesheni, watu ni wazuri na naruhusiwa kuchukua iliyobaki. Ni uamuzi wangu, usiulize sababu.

Bega je? Uliangukia upande ule.

Chihaya


Chiba, 25 Novemba 2007

Mjomba,

Boksi la samaki wakavu limefika. Nimelipindua, nimelikung'uta, nimechana hata karatasi ya ndani. Hakuna neno.

Mwambie Bibi samaki ni wazuri.

Miezi miwili sasa. Kama nimekukosea, nitukane, lakini andika. Najua mikono yako ni mizima, maana anwani kwenye boksi ni mwandiko wako.

Chihaya


Gotsu, 4 Januari 2008

Chihaya mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama mzima, amekula keki za mchele mbili akijua zinanasa, mimi nimekaa nyuma yake tayari kumpiga mgongo. Bega langu linainuka mpaka usawa wa sikio. Theluji kidogo, haikukaa.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sasa nitasema yote, na usome mpaka mwisho hata kama utakasirika katikati.

Tarehe thelathini walikusanyika wote kwenye ukumbi wa mtaa, watu kama sitini. Walikodi televisheni kubwa. Bi. Katsue alishona bendera yenye jina langu, urefu wa mikeka miwili. Walipika, walileta pombe ya mchele, wakaniketisha mbele kama bwana harusi. Tangu Septemba nilikuwa nimebeba lile anguko bila kumwambia mtu, nikipongezwa dukani, nikipongezwa juu ya paa, na sasa walikuwa wananimiminia na kusema, "Mwaka huu umepita, tunaona kwenye macho yako." Nilikunywa nikacheka. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata majini.

Mama alikaa kando yangu. Akaniinamia akasema, "Umeanguka, sivyo?" Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema, "Tangu Septemba unakula kama mtu aliyeanguka. Kaa sawa, watu wanatazama." Akanishika mkono chini ya meza, akaushikilia.

Wakanionyesha. Watu wakaweka vikombe chini nilipoushika Ukingo. Nikajiona nikisogea. Na kabla sijajirusha, kwenye televisheni ile kubwa, mbele ya watu sitini, ikasikika sauti ya mwanamke ikipiga ukelele: "Mjomba, mbali! Mbali zaidi!" Kamera ikageuka. Ni wewe, na koti la kazi na kofia, maji mpaka magotini, na mwanamume mwenye redio ya mkononi anakuvuta mkono. Mtangazaji akacheka, akasema hata wafanyakazi wana mshindani wanayemshangilia. Halafu nikaanguka.

Bi. Katsue akasema, "Nani yule anayemwita mjomba?" Mama akasema, "Unadhani ana wapwa wangapi?" Bendera ikakunjwa. Watu walinipiga begani, lile zima, wakaanza kula. Walikuwa wema kwangu kupita kiasi.

Sikukusikia, Chihaya. Naapa kwa kaburi la dada yangu. Ukiwa pale juu hakuna sauti inayofika, unasikia pumzi zako tu. Nilikusikia kwa mara ya kwanza siku ile ukumbini, wiki kumi na sita baadaye. Hapo ndipo nikajua kwa nini unauza mikate.

Sasa barua yako ya Julai. Septemba uliniuliza kama nilibadilisha mbao. Sikubadilisha. Sikuifungua barua. Nilipoiona kwenye sanduku la posta nilijua tayari, kwa kuwa nilikuambia unyamaze kama nimepatia, nawe hukunyamaza. Nilijua nimekosea, ila sikujua kwa kiasi gani wala kwa upande gani. Jibu lilikuwa ndani ya bahasha ya karatasi nyembamba. Nikaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, nyuma ya picha ya mama yako. Siku kumi nilizunguka uani na nyundo mkononi.

Nilijiambia hivi: nisipoifungua, Chihaya hajasema kitu. Kiapo chake ni kizima, kazi yake ni nzima, na mimi nitapita kwa mikono yangu au nitaanguka kwa mikono yangu. Niliona ni jambo la heshima. Nikakuandikia imefika, ahsante, nikakuacha uamini utakavyo. Huo ni uongo, na niliusema kwako. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa na kiburi. Nilikutega ili unisaidie, ukanisaidia, halafu nikaona haya kusaidiwa na mtoto niliyemfundisha mimi.

Na yote hayo ya kukulinda hayakufaa kitu. Nilificha neno lako nyuma ya picha ili lisikuponze, nawe ukaenda kulipiga kelele mbele ya kamera.

Niliifungua baada ya kutoka ukumbini, mama akiwa ameketi kando yangu. Hatua mbili. Nimepanga vigae miaka ishirini na nane, nikasahau kwamba aliye karibu huonekana mkubwa. Mama aliposomewa akasema, "Huyo mtoto ulimpima kwa upendo, ndiyo maana umekosea." Sijui kama alikuwa ananitetea au ananicheka.

Siku ya pili ya mwaka nimeng'oa mbao na kupiga hesabu upya. Nimepata mia na sabini na nne. Usiniambie kama ni sawa. Mbao ziko tayari tangu juzi na sijaruka. Jioni zote mbili nimesimama chini nikaangalia, halafu nikarudi ndani. Ngome imekwisha kwangu, hawataniita tena, hilo limepita. Lakini siwezi kuruka peke yangu hapa.

Mjomba wako,
Mitsugu


Chiba, 11 Januari 2008

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Mwambie Bibi asile keki za mchele wewe ukiwa juu ya paa.

Nimekasirika katikati kama ulivyosema, na mpaka sasa sijamaliza. Kazi ile niliipenda. Nilikuwa bora kati ya sita, hilo sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, uliuliza habari za ukuta tu. Nilipokuona umefika mwisho wa ule ubao niliwaza, amesoma barua, anajua, kwa nini mabega yake yamekaa hivyo? Nikaona unajipanga kwa mruko mfupi. Sikuamua kupiga kelele, mdomo ulifunguka wenyewe. Hilo silijutii. Ninachojutia ni siku zile zote nilizodhani ulisoma neno langu ukalidharau.

Nimeomba ruhusa dukani. Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa kwa treni ya saa sita mchana. Usije stesheni, nitatembea.

Usiruke kabla sijafika. Safari hii nataka unisikie.

Chihaya